Chora Kitanda Kabla ya Ukuta: Kubuni Vila ya Pwani, Nje na Ndani kwa Pamoja

Ukipita Mbezi Beach, Kigamboni au Fumba utaona maboma ya ghorofa yaliyokwisha kupauliwa, na ndani yake mafundi wanabomoa. Ukuta uliopigwa plasta unachanwa kupitisha bomba la kiyoyozi. Mlango unahamishwa sentimita 20 kwa sababu kabati limegonga fremu. Jamvi, yaani zege la sakafu ya chini, linatobolewa kwa kuwa choo kilichonunuliwa hakikutani na bomba lililoachwa. Mara nyingi chanzo ni kilekile: nyumba ilichorwa, msingi ukachimbwa, boma likasimama, halafu ndipo akatafutwa mtu wa kupanga ndani.

Kazi yetu ni kuchora na kusimamia nyumba za kuishi ukanda wa pwani, na sharti tunaloliweka mbele ya kila mwenye nyumba ni kwamba mchoro wa fanicha, wa dari, wa jiko na wa mabafu ukamilike kabla mhandisi hajapanga nguzo. Kuchelewa kwa wiki chache mezani kunaudhi, lakini kubomoa zege kunaudhi zaidi na kunalipiwa mara mbili, kwanza kujenga, pili kuvunja.

Pwani yetu iliwahi kujenga hivyo kwa karne nyingi. Katika nyumba za mawe za Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar, upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko, mita 3 hivi au pungufu, na maisha ya ndani yakapangwa kufuata kipimo hicho. Zidaka, yaani vishubaka, zilijengwa katika unene wa ukuta, zikabeba vyombo bila kula nafasi ya chumba. Kuingia kulipitia daka, yaani ukumbi wa mlangoni, na kona, ili anayepita njiani asimwone aliyeketi ndani. Hayo mawili, kinga ya macho mlangoni na samani inayokaa ndani ya ukuta, bado yanafaa kabisa katika vila ya leo. Mlango mkubwa wa kioo unaomwonyesha mgeni sebule yote na ngazi hadi juu unapendeza kwenye picha, lakini mama mwenye nyumba atautundikia pazia zito wiki ya kwanza, na kioo chenyewe kitakuwa kimepoteza kazi.

Kabla ya kuchora chochote tunaandika maisha ya nyumba. Nani anapika, na anapika nini? Wageni wanaoketi kwenye mkeka ni wangapi siku ya hitima au Idi? Kitanda ni cha futi 5 kwa 6 au 6 kwa 6? Bibi atalala chini au atapanda ngazi? Samani gani zinatoka nyumba ya zamani? Hizo zinapimwa kwa tepu moja moja: kabati la mninga la bibi harusi, meza ya watu wanane, friji. Kisha zinaingia kwenye mchoro wa kipimo cha 1:50, yaani sentimita 1 ya karatasi kwa sentimita 50 za nyumba, kama vitu halisi.

Jua na upepo vinafuata. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Adhuhuri ya Juni jua linakuwa upande wa kaskazini, nyuzi 60 hivi kutoka upeo wa macho. Desemba linakuwa kusini, nyuzi 73 hivi. Kuta za kaskazini na kusini basi ni rahisi kukinga, maana upenu wa mita 1.2 unatia kivuli mita 2 za ukuta hata adhuhuri ya Juni. Jua la saa kumi jioni ni habari nyingine. Linakuja limeinama kutoka magharibi na hakuna upenu unaolizuia. Kwa hiyo nyumba inalazwa mashariki kwa magharibi, madirisha makubwa yanatazama kaskazini na kusini, na upande wa magharibi tunapanga stoo, ngazi, mabafu na kabati za nguo. Kabati lenye kina cha sentimita 60, likipangwa kwenye ukuta wa magharibi, linakizuia chumba kisipate joto la ukuta huo. Hapo uamuzi wa ndani unafanya kazi ya ukuta wa nje, na ndiyo maana hauwezi kusubiri boma liishe.

Upepo wa kusi na wa kaskazi unataka njia ya kuingia na ya kutokea. Dirisha la aluminiamu la kusukuma lenye upana wa mita 1.8 linafunguka nusu tu, yaani sentimita 90. La kufungua kwa bawaba linafunguka lote, ila grili lazima ikae upande ambao bawa la dirisha haliigongi, na wavu wa mbu upande wa pili. Dirisha, grili, wavu na pazia vichorwe kwenye karatasi moja, kana kwamba ukuta umekatwa wima. Tusipofanya hivyo, fundi wa grili, fundi wa aluminiamu na fundi wa pazia kila mmoja atachukua nafasi yake mwenyewe, na wa mwisho hatakuta kitu.

Sasa chumba cha kulala, maana ndicho kinachoonyesha wazi kwa nini kitanda kinatangulia ukuta. Kitanda cha 6 kwa 6 pamoja na fremu yake kina upana wa mita 1.95 hivi. Ongeza meza ndogo mbili za sentimita 50, na pumzi kidogo pembeni: ukuta wa kichwani unahitaji mita 3.2 safi, baada ya plasta. Soketi na swichi za kitandani zinakaa mita 1.1 kutoka katikati ya kitanda, kila upande, kimo cha sentimita 65 hadi 70 kutoka sakafu iliyokamilika. Ukiacha fundi umeme aamue, ataziweka sentimita 30 kutoka chini, moja ikiwa nyuma kabisa ya kitanda.

Juu ya kitanda kuna chandarua, na juu ya chandarua kuna pangaboi. Fremu ya chandarua inafika mita 2.1. Feni inaning'inia sentimita 35 hivi chini ya dari. Dari ikiwa mita 2.7, mapanga yanazunguka karibu sentimita 25 tu juu ya neti, na neti inavutwavutwa usiku kucha. Dari ya mita 3 inamaliza tatizo hilo. Feni ya inchi 56 ina kipenyo cha mita 1.4, kwa hiyo taa za kuzama kwenye jipsamu zisiwe juu ya mapanga, kwa sababu mwanga unakatwakatwa na kumchosha anayelala. Tunaziweka mita 1.2 au zaidi kutoka katikati ya feni. Na jipsamu haibebi feni hata siku moja. Ndoano ya nondo ya milimita 12 inafungwa kwenye nondo za slabu, yaani zege la ghorofa, kabla zege halijamwagwa, mahali palepale ambapo mchoro wa kitanda unasema. Hapo utaona safari nzima: kitanda kimeamua feni, feni imeamua ndoano, na ndoano inatakiwa siku ya zege.

Kimo cha ghorofa nacho kinaanzia darini. Dari safi mita 3, jipsamu na fremu yake sentimita 10 hadi 15, slabu sentimita 15, umaliziaji wa juu sentimita 6: tayari umepita mita 3.3. Pale ambapo boriti ya zege ya sentimita 45 inakatiza sebule, ama dari yote inashuka, ama inachorwa hatua ya dari inayofuata boriti na kubeba taa za mstari na kisanduku cha pazia. Ya pili ni nzuri zaidi, mradi mhandisi na mbunifu wa ndani wawe wameketi pamoja. Nguzo vilevile. Nguzo ya sentimita 23 kwenye ukuta wa tofali za inchi 6 inachomoza na kuacha kona inayogoma kupokea kochi au kabati. Ikisogezwa mpaka ndani ya kabati la nguo au nyuma ya mlango, haionekani tena.

Ngazi ndizo zinazotuuma sana, kwa kuwa kosa lake haliponi kwa rangi. Chukua kimo cha mita 3.3 kutoka sakafu hadi sakafu, gawa kwa 20, kila kidato kinapanda sentimita 16.5, pa kukanyaga pawe sentimita 28. Hesabu ni safi. Sasa tazama unene wa umaliziaji. Sakafu ya chini na ya juu zitapokea chokaa cha kusawazisha na vigae, kila moja jumla milimita 60. Vidato vitapokea granaiti na chokaa chake, milimita 30. Fundi akimwaga zege kwa vidato vyote sawa milimita 165, baada ya umaliziaji kidato cha kwanza kitakuwa 135, cha mwisho 195, na katikati yote 165. Mguu wa binadamu unakariri vidato viwili vitatu na kuacha kufikiri. Wa mwisho ukipanda sentimita 3 zaidi, mtu anajikwaa akiwa amebeba sinia la chai. Dawa ni kumwaga zege kidato cha kwanza kikiwa 195 na cha mwisho 135, ili vyote vilingane baada ya vigae. Fundi asiyeonyeshwa mchoro wa umaliziaji ataona vipimo hivyo ni makosa na "atavirekebisha", kwa hiyo tunasimama naye siku ya kufunga mbao za kumwagia zege.

Unene huohuo wa umaliziaji ndio unaoamua mlango mkubwa wa kioo kati ya sebule na baraza. Kila mteja anataka sakafu moja isiyo na kizingiti. Inawezekana, lakini reli ya mlango inahitaji kuzama, na mfereji wake wa kuzamia, kina cha sentimita 4 hadi 5, unaachwa siku ya kumwaga jamvi. Nje ya reli kunawekwa mfereji wenye wavu, upana wa sentimita 10, unaotoa maji moja kwa moja, na baraza inateremka kuelekea nje sentimita 1 hadi 1.5 kwa kila mita. Juu yake pawe na upenu. Mvua ya masika inayosukumwa na upepo haiji kwa wima, na mlango wa kioo uliowekwa kwenye ukuta mtupu bila upenu utaingiza maji hata uwe wa bei gani.

Hapo tuseme wazi msimamo wetu kuhusu paa la kuficha, maana ndilo linaloombwa na kila anayetaka sura ya kisasa. Ukuta unaopanda juu ya paa unaondoa upenu, na kuondoka kwa upenu kunaleta jua dirishani, maji ukutani na michirizi myeusi chini ya kila kona ndani ya misimu michache. Mfereji wa ndani ukiziba kwa majani ya mwarobaini, maji yanaingia darini na jipsamu inaanguka. Tukilichora, tunaweka slabu nyembamba inayotokeza mita 1 au zaidi juu ya madirisha, mfereji wenye upana wa kuingia mtu kuusafisha, matundu mawili ya kutolea yenye inchi 4, na tundu la dharura linalotoboa ukuta wa nje chini kidogo ya ukingo wa mfereji. Maji yakionekana yanamwagika nje kupitia tundu hilo, mwenye nyumba anajua mfereji umeziba kabla dari haijalowa.

Bafu linapimwa kuanzia kigae. Vigae vya sentimita 30 kwa 60, vitatu vikilazwa kwa urefu wake kukata upana wa bafu, vinafanya sentimita 180. Ongeza plasta milimita 15 kila upande, na gundi pamoja na kigae milimita 15 kila upande: tofali kwa tofali ziwe sentimita 186. Ukijenga 180 kamili, kila mstari utaishia na kipande kilichokatwa. Choo kichaguliwe kabla ya jamvi, kwa sababu umbali wa mdomo wake kutoka ukutani hutofautiana kati ya aina na aina, na umbali unaohesabiwa ni kutoka ukuta uliokwisha kuwekwa kigae. Choo cha kuning'inia kinataka ukuta wa pili mbele ya ukuta, unene wa sentimita 15 hadi 20, wa kuficha tanki. Tunaukubali ukuta huo kwa furaha, kwa sababu juu yake panapatikana rafu ya sabuni na manukato, zidaka kwa sura mpya.

Bomba la kuogea la mvua linahitaji msukumo, na msukumo hauji kwa bei ya bomba. Kila mita moja ya kimo inatoa takriban baa 0.1. Tanki lililokaa mita 3 juu ya bomba linatoa baa 0.3, na bomba pana la darini likipewa msukumo huo linadondosha matone tu. Kunahitajika pampu ya kuongeza msukumo, na pampu inahitaji mahali: nje ya ukuta wa vyumba vya kulala, penye soketi na kivuli. Tanki la lita 2,000 likijaa lina tani 2, kwa hiyo mhandisi aambiwe mapema litakaa wapi. Kabla ya vigae, sakafu ya bafu ikishapakwa dawa ya kuzuia maji inazibwa na kujazwa maji kwa saa 24 hadi 48, na mtu anakwenda kutazama dari ya chini. Mafundi hawalipendi zoezi hili. Lifanyike.

Jiko tunalichora mawili, la ndani na la nje. La ndani ni la chai, kupasha na kupakua. La nje, lenye paa na pande mbili wazi, ni la mkaa, samaki, kukuna nazi na masufuria ya shughuli. Nyumba yenye jiko moja la kioo na rangi nyeupe hupata jiko la pili la mabati nyuma ya ukuta, na ubunifu wote wa ua unaharibika. Kaunta ya kukatia iwe sentimita 90, kina 60, na kati ya kaunta mbili zinazotazamana ziachwe sentimita 120. Lakini pale penye plate za gesi tunashusha hadi 75 au 80. Sufuria la ugali likikaa juu ya kaunta ya 90, mkono unasonga ukiwa usawa wa bega, na hakuna mtu anayeweza kusonga ugali wa watu kumi hivyo. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inatambaa chini. Mtungi ukae nje, kwenye kijumba chenye wavu usawa wa ardhi, na tundu la bomba lipite ukutani kabla ya vigae. Makasha ya chini yajengwe kwa mbao inayostahimili maji, yainuliwe kwa miguu ya sentimita 10. MDF ya kawaida, yaani mbao ya unga uliobanwa, ikinyonya maji ya kudekia inavimba na mlango unaacha kufunga.

Kiyoyozi tunakihesabu kama bomba zaidi ya mashine. Kinatoa maji, na maji yanahitaji mteremko wa sentimita 1 kwa kila mita hadi nje, ndani ya ukuta, kabla ya plasta. Mashine ya ndani isipulize kitandani moja kwa moja. Mahali pazuri ni ukuta wa ubavuni, juu ya mlango wa kabati. Ya nje ipate sehemu yenye kivuli na inayofikika kwa ngazi ya kawaida, kwa sababu chumvi ya bahari itaila na lazima ioshwe.

Chumvi yenyewe inaingia katika kila uamuzi. Karibu na bahari, vyuma vya nje viwe stenlesi daraja la 316, si 304. Nondo zifunikwe na zege la kutosha, na maji ya kisima chenye chumvi, ambayo ni ya kawaida Kigamboni, yasichanganye zege wala plasta. Mbao za milango, iwe mkongo au mtiki, zikaushwe vya kutosha kabla ya kuchongwa. Mlango wa mbao mbichi ukifungwa kwenye chumba chenye kiyoyozi unapinda ndani ya miezi.

Kwenye eneo la ujenzi mpangilio unakuwa huu: boma na paa, kisha mabomba, njia za waya na mabomba ya kiyoyozi, majaribio ya msukumo wa maji, ndipo plasta. Kabla fundi umeme hajachana ukuta, tunachora kwa chaki ukubwa halisi wa vitanda, makochi, kaunta na televisheni kwenye jamvi na kuta, na mwenye nyumba anatembea humo. Hapo ndipo mama huuliza pasi itapigwa wapi, na soketi moja huongezeka. Baada ya mabomba kuwekwa, kila ukuta unapigwa picha ukiwa na tepu ya kupimia mbele yake. Picha hizo zinamkinga atakayetoboa ukuta kutundika saa miaka mitano baadaye. Plasta ikikauka zinafuata fremu za aluminiamu, jipsamu, dawa ya kuzuia maji, vigae, rangi ya kwanza, kabati, taa, na rangi ya mwisho. Kabati zimechorwa tangu mwanzo, lakini seremala anapima tena baada ya vigae, kwa maana ukuta wa tofali hauwi mnyoofu kama karatasi.

Mkadiriaji majenzi naye apewe michoro ya ndani mapema, ili kabati, fimbo za pazia, taa, grili na pampu ziwe ndani ya bajeti ya kwanza. Tukimwachia jedwali lenye neno "umaliziaji" na tarakimu moja mbele yake, fedha za jiko zitaishia kwenye msingi. Kama bajeti haitoshi, punguza mita za mraba. Chumba kimoja kidogo cha wageni kikiondolewa kwenye mchoro, kinalipa kabati zote za juu na za chini, na nyumba inahamiwa ikiwa na mahali pa kutundika nguo.

Siku ya makabidhiano tunakwenda na mpira wa maji, chaja ya simu na gololi. Mpira unamwagia kila dirisha na mlango wa kioo kwa dakika kumi kutoka nje, mtu mwingine akiwa ndani na tochi. Chaja inaingia kila soketi. Gololi inawekwa kwenye sakafu ya bafu, kila kona, na lazima ielekee kwenye tundu la maji. Inapoelekea mlangoni, fundi vigae anarudi kazini kabla hajalipwa sehemu ya mwisho.